Hotipoti Kwenye Mizani ya Watoto

Mie ni mtu wa kusema, na bora ulijue hilo mapema. Nilifundisha sayansi kimu shule za msingi tangu ujana wangu, nikastaafu, nikarudi Mkwaja kwenye nyumba ya marehemu baba, na kwa kuwa sikuwa tena na wanafunzi nikaanza kuwafundisha majirani. Nani aliniomba? Hakuna. Nilimfundisha mtu kuosha mchele aliokuwa akiuosha kabla mie sijazaliwa. Jirani yangu, shoga yangu wa tangu utotoni, akaniambia uso kwa uso: "Mwenzetu umestaafu kazi, lakini mdomo haujapata barua yake." Nilicheka mbele yake, kisha nikanuna mpaka Ijumaa.

Kwa hiyo watu wa utafiti walipokuja kutoka Tanga wakitaka mtu wa kuelimisha kijiji, mwenyekiti wetu hakukuna kichwa. Alininyooshea kidole mie, na nadhani alifurahi kupata mahali pa kunipeleka.

Walikuwa watu wawili. Mmoja ni daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, mwanamke mfupi, sauti yake ya chini kiasi kwamba watu huacha kuzungumza ili wamsikie, jambo ambalo mie halijawahi kunitokea. Wa pili ni kijana wa mitambo, mtu wa bara, mpole, mwenye shikamoo ya haraka. Daktari alitueleza kwamba zamani mtoto akizaliwa na kasoro ya maungo huku kwetu, njia ilikuwa moja, kumkimbiza mjini, na wengi walikuwa wakiishia njiani. Sasa wanatafiti kama matibabu yanaweza kuanza palepale alipozaliwa, mkono ukiwa wa muuguzi wa zahanati na jicho likiwa la bingwa aliyeko Tanga, kwa njia ya simu. Tatizo lilikuwa mtandao wetu, ambao huja na kuondoka upendavyo wenyewe. Tatizo la pili lilikuwa vifaa, maana vingine ni adimu na haviwezi kuwekwa kila zahanati. Hapo ndipo kijana wa mitambo alipoingia na droni zake. Moja inabeba vitu kutoka Tanga, inatua uwanjani, inarudi. Nyingine inakaa hapahapa zahanati, ikihitajika inapanda, inasimama juu na kushika mtandao, hata Mkwaja ikawa kama mtaa mmoja wa jiji. Walikwisha kuziunganisha zahanati za mjini kwa namna hiyo, na sasa walitaka kuuvuta mtandao huo mpaka kwetu.

Nilielewa nusu, nikatikisa kichwa kwa yote. Nikapewa kizibao cha njano kinachong'aa, cha kuvaa siku ya droni tu. Nilikivaa sokoni, nilikivaa kwenye mkutano wa shule, na hitima ya mzee mmoja mtaani nilikivaa juu ya baibui mpaka jirani akanivuta pembeni akanivua kwa mikono yake.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikihubiri. Kindege hiki si punda, nikasema. Hakipakiwi mizigo ya watu. Kinaleta chanjo na dawa, kinarudi na vipimo vya damu na makohozi, basi. Nikasema hivyo na kidole juu, na watu wakaitikia ili niondoke.

Siku kilipotua mara ya kwanza tulijaa uwanjani. Muuguzi wetu, ambaye nilimfundisha mwenyewe akiwa darasa la nne na mpaka leo ananiita mwalimu, alifungua kisanduku, akatoa chanjo, akakifunga. Siku ile hapakuwa na vipimo vya kupeleka. Kindege kikaanza kuunguruma kuondoka, na mie nikaona pana kitu hakiko sawa, ila sikujua ni nini. Jirani ndiye aliyesema.

"Kinarudi kitupu?"

Wewe uliyezaliwa pwani hii unajua uzito wa neno hilo. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea bakuli la bokoboko, bakuli linarudi na chochote, hata ndimu, na kama huna ndimu unatia sukari vijiko viwili. Binti yangu nilimfundisha hilo kabla hajajua kujifunga kanga. Sasa madaktari wa Tanga wametuletea chanjo za watoto wetu, sisi tunawarudishia kisanduku chenye hewa? Tulirudi majumbani, kila mtu na aibu yake. Mie nilisema mbele za watu kwamba sheria ni sheria. Kilipokuja mara ya pili, aliyebeba zawadi alikuwa mie, na kizibao mwilini.

Nilipeleka halua. Kwetu ni watu wa halua, babu mzaa baba alikuja nayo kichwani kutoka Omani, na sifa za halua ya kwetu nimezila tangu utotoni mpaka zimenilewesha. Halua inataka kuliwa ikiwa na joto lake, ikipoa inashika meno, kwa hivyo nikaitia kwenye hotipoti. Muuguzi aliponiona naja nayo alifungua mdomo, akaukumbuka ualimu wangu, akaufunga. Akageuka kuangalia upande wa minazi. Nilipomaliza kuisukuma ndani akafunga kisanduku.

Upande wa Tanga kilipokelewa na mhudumu wa hospitali, mama mtu mzima, mzaliwa wa Tanga. Hakuhitaji maelezo. Safari iliyofuata hotipoti ilirudi na machungwa ya Muheza, mazito, yenye maji mpaka kiwikoni. Ukiwa mtu wa sheria utasema sheria imevunjwa mara mbili. Sisi tulisema ujirani umeanza. Baada ya hapo nani angezuia? Wengine walitia visheti, wengine samaki wa kukaanga, lakini hotipoti ilikuwa yangu, na ilikwenda na kurudi kama mwanafunzi wa kutwa. Kijana wa mitambo alikuwa akipima dawa ofisini kwake kwa uangalifu, kisha anamkabidhi mhudumu apakie. Mizani yake ilijua dawa. Yaliyofuata yalijulikana na matumbo.

Siku moja kijana huyo akaja mwenyewe Mkwaja na vyombo vyake vya kupimia upepo. Alituita kwenye kamati ya zahanati, akatuambia kwa furaha kwamba wamegundua jambo. Pwani yetu ina upepo wa ajabu. Droni ikija inachoka kuliko inavyotakiwa, ikirudi inachoka vilevile. Upepo unaopinga kwenda na kurudi, alisema, hajauona kokote, na anafikiria kuwaeleza wenzake kwenye mkutano wa watafiti.

Nyani haoni kundule. Mwalimu mzima, niliyefundisha watoto kupima unga na sukari kwa gramu, nilikaa pale na kizibao changu na sikuunganisha kitu. Tena nikamsaidia. Nikasimama, nikawaeleza wanakamati kwa mikono kwamba upepo huo unatokana na pori la Saadani, hewa ya pori inapokutana na ya bahari zinasukumana. Nilitunga palepale. Kijana akasema maelezo hayo yanafaa kuangaliwa. Nililala vizuri usiku ule.

Sasa binti yangu. Ni mmoja tu, ameolewa Tanga mjini, mumewe anafanya kazi bandarini, na nyumba yao iko karibu na hospitali kiasi kwamba mtu anakwenda kwa miguu na ndala. Alipobeba mimba nikamwambia kwamba mtoto wa kwanza mtu humzalia kwa mamaake. Ndivyo nilivyozaliwa mie, ndivyo nilivyomzaa yeye. Alinijibu kwamba zamani hizo hospitali zilikuwa mbali na kila mtu. Nikamwambia zahanati yetu ina droni. Kipimo cha picha alichopiga mapema hakikuonyesha kitu, mumewe ni mtu wa kutii wakwe, basi nikashinda. Nilimtoa mjini penye mabingwa nikamleta Mkwaja ili majirani waje kunipa hongera nyumbani kwangu. Nilipika halua ya kupokea wageni siku moja kabla, nikaijaza hotipoti.

Alijifungua asubuhi, mvua ya masika ikiwa imepumzika kidogo. Nilikuwa barazani kwa zahanati na jirani. Tulimsikia mtoto akilia, nikaanza kuinuka, halafu nikasikia sauti ya muuguzi, ya taratibu mno.

"Mwalimu, njoo. Lakini usipige kelele."

Nilipiga kelele. Mtoto alikuwa mzuri, nywele tele, mguu mmoja umekunjwa. Pembeni ya kitovu chake palikuwa na tundu, na utumbo wake ulikuwa nje, umelala juu ya tumbo, unang'aa, unacheza kidogokidogo. Muuguzi alinisukuma kwa bega, akaufunika kwa plastiki safi, akamfunika mtoto apate joto, akampitishia mpira mwembamba puani. Binti yangu kitandani akauliza, "Ana nini?" Muuguzi alikuwa kazini. Ikabidi nijibu mie, na katika maneno yote niliyonayo duniani nikapata mawili tu. Nikasema, "Ni msichana."

Simu haikushika mtandao. Muuguzi akatoa ile droni ya zahanati, ikapanda, ikasimama juu ya paa ikivuma, na haukupita muda sura ya daktari bingwa ikatokea kwenye kioo. Alitaka kuuona utumbo kwa karibu, rangi yake, pande zote. Aliutazama, akasema, "Huyu tunaweza kumsaidia. Utumbo wake ni mzima. Nahitaji mfuko uje huko."

Mfuko wenyewe niliwahi kuuona kwenye mafunzo waliyotupa watu wa utafiti. Ni laini, unaona ndani, una pete mdomoni. Zamani mtoto kama huyu alikimbizwa kwenye chumba cha upasuaji, utumbo ukarudishwa wote kwa mkupuo, na tumbo dogo likabanwa mpaka pumzi ikakatika. Siku hizi wameona bora utumbo uingizwe ndani ya mfuko, mfuko usimamishwe juu ya tumbo, na utumbo ushuke wenyewe kidogokidogo kwa siku kadhaa, tundu lifungwe baadaye. Muuguzi wetu alijifunza kwa kutumia mdoli na utumbo wa mbuzi kutoka buchani. Nakumbuka nililalamika kwamba supu ya watu inaharibiwa.

Lakini mfuko lazima uwahi, maana utumbo ukikaa nje unakauka na kuvimba. Na mifuko iko Tanga. Barabara mpya bado inajengwa, mchepuko ulikuwa umegeuka bwawa, na gari la wagonjwa lilisimama ng'ambo ya tope. Daktari akasema droni ndiyo njia. Akageuka pembeni kumwambia kijana wa mitambo. Tukasubiri. Halafu tukasikia sauti ya kijana.

"Mashine imekataa."

Alieleza haraka. Mashine hupiga hesabu kwa kuangalia safari zote zilizopita. Upepo wa kusi umeanza kuvuma, na droni ya kuja kwetu inaelekea kusini. "Kwa upepo wa leo, nikichanganya na ule upepo wenu wa ajabu, itaishiwa chaji kabla ya kufika. Itaangukia mikokoni. Na mfuko wa saizi hii ninao mmoja. Siwezi kuurusha nikijua haufiki."

Upepo wenu wa ajabu. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba. Nikamtazama jirani aliyekuwa mlangoni, na yeye alikuwa ameshaanza kunitazama. Hakusema kwa sauti. Alitengeneza neno kwa midomo tu: hotipoti.

Sijui kama umewahi kuingiwa na akili ghafla ukiwa mtu mzima. Inauma. Nikaiendea simu.

"Shikamoo bibi," akasema kijana, hata saa ile.

"Marahaba mwanangu. Upepo haupo."

"Haupo vipi?"

"Hakuna upepo wa ajabu. Kisanduku kikija huwa tunakitia kitu kidogo. Na Tanga nao wanakitia. Ndicho kinachokichosha."

 Akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni kionjo tu, halua kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani. Nikasema si cha kutaja. Nilisikia vidole vyake vikigonga, anaandika hicho kidogo changu.

"Bado imekataa, bibi."

Nataka unielewe hapa, maana mtu wa bara hakunielewa, na simlaumu. Kwetu zawadi haitajwi ukubwa. Tukikuchinjia mbuzi mzima tunakuambia karibu, hakuna kitu, ni wali mkavu tu. Na kubwa kuliko hilo ni masimango. Mtu akitoa kisha akasimama mbele za watu kuhesabu alichotoa, nilitia hiki, nilijaza vile, huyo amekula mwenyewe alichotoa na heshima yake juu. Mama yangu alituambia bora umwage chakula kuliko kumsimanga aliyekila. Nimewahi kukata mguu nyumba ya binamu, nisikanyage tena, kwa sababu ya masimango ya kilo moja ya nyama. Sasa barazani pamejaa watu, kijiji kizima kimeshasikia habari, na mie natakiwa nitaje kwa sauti uzito wa halua niliyowapelekea madaktari, huku daktari mwenyewe ananitazama. 

Wallahi nilisita. Mjukuu wangu amelala pale na utumbo nje na mie nasitasita kwa adabu.

"Mwalimu," akasema muuguzi bila kugeuka, mikono yake ikiwa juu ya mtoto, "sema kweli."

Na jirani mlangoni akaongeza, "Mficha uchi hazai, shoga."

Nikasema. "Ni hotipoti ya chuma, ile kubwa ya harusini. Naijaza mpaka mfuniko unakataa, nakalia juu yake ndiyo unafunga. Kila safari." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuvuka mto wa aibu nikaona nifike ng'ambo. "Na nikiisha kuijaza, vipande vinavyobaki nje navitia kwenye mfuko wa nailoni, naubandika juu yake."

 Kwenye simu ikasikika sauti nyingine, ya mwanamke mtu mzima, naye alikuwa mhudumu wa Tanga. Alisema, "Na mie hiyohiyo naijaza machungwa mpaka juu. Mengine nayatupia pembeni ya dawa. Nisamehe baba, chombo cha watu nitakirudisha kitupu?" Daktari bingwa aliinamisha kichwa kidogo. Akasema, kwa ile sauti yake, "Halua hiyo nimeila na mimi. Pimeni."

Jirani ni mwanamke mnene na magoti yake ni mabaya, lakini aliondoka mbio kwenda kwangu. Alirudi na hotipoti kifuani, na ndani yake ilikuwamo ile halua ya wageni, imejaa vilevile. Mizani iliyokuwapo ilikuwa moja, ile yenye sinia la kuwalazia watoto wachanga. Ilikuwa imetayarishwa kwa ajili ya mjukuu wangu, ambaye hakuweza kulazwa juu yake. Nikaiweka hotipoti pale. Muuguzi akanyoosha shingo akasoma. Kijana akamwomba arudie. Akarudia.

"Bibi," akasema kijana, "hiyo ni zaidi ya dawa zote ninazowatumia kwa safari moja."

Nikasema samahani. Barazani, mlango wa kuungama nikiwa nimeshaufungua mie, watu wakaanza mmojammoja kutoa maungamo yao. Huyu visheti, huyu samaki changu wawili wa kukaanga. Mzee mmoja akanyoosha mkono akasema yeye alitia nazi. Muuguzi akageuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nazi nzima?" Mzee akajibu kwamba aliifua kwanza. Tanga nako walikuwa wakipima machungwa, tukisikia mhudumu akisoma mizani. Kijana akaachana na hesabu za safari hizo zote, akarudi kwenye zile za mwanzo kabisa, kabla hatujaanza ujirani wetu, alipokuwa anabeba dawa tupu. Upepo wa pwani yetu ukawa upepo wa kawaida kama wa watu wengine.

"Imekubali," akasema. Kisha, "Imeruka."

Kungoja kule ndiko kulikonimaliza. Muuguzi alikuwa akimwangalia mtoto, na mie nikaenda kukaa karibu na binti yangu, nikataka kumshika mkono. Aliuondoa. Akageukia ukutani.

"Mama, ungeniacha Tanga," akasema.

 Nilikaa pale nikiutazama mgongo wake mpaka watu wa barazani waliposema kinakuja.

Ndani ya kisanduku palikuwa na pakiti moja nyepesi na kitu kingine hapana. Muuguzi alinawa, akavaa glavu, akanipa simu. "Shika. Onyesha anachotaka kuona. Usiseme." Nikashika. Daktari akaanza kumwelekeza, usivute, ingiza taratibu, anza na upande huu, angalia usijipinde.  Baada ya kitambo nikasikia, "Bibi, naona paa." Nikaishusha simu, nikaishika kwa mikono miwili, nikajiegemeza kwenye kabati. Muuguzi wetu aliuingiza utumbo wa mjukuu wangu ndani ya mfuko, pindo kwa pindo, mpaka pete ikakaa ndani ya tundu na mfuko ukasimama. Yuleyule niliyemfundisha kushona kifungo. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni na hapakuwa na wa kumfuta, maana mie nilikuwa nimeshika simu na nilikuwa nalia.

Alasiri trekta la wajenzi wa barabara lilivuta gari la wagonjwa likalivusha tope, tukaondoka wote. Tanga mkwe wangu alitupokea mlangoni kwa hospitali, akanisalimia kwa heshima zote, na heshima ile iliniumiza kuliko angenitukana.

Wodi ya watoto wa upasuaji ina bibi wengi. Kila mtoto ana bibi yake na kila bibi ana maelezo. Siku zile nilikuwa bibi wa mfuko. Kila asubuhi daktari alikuja, akautazama mfuko, akaukunja kidogo kutoka juu, na utumbo ulikuwa umeshuka. Ulishuka mpaka ukaisha, na siku hiyo akaufunga mlango wa tumbo, kovu dogo pembeni ya kitovu. Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kumshukuru kwa hotuba. Akanishika bega.

"Bado, bibi. Utumbo umerudi, lakini hatujui kama unafanya kazi. Hawezi kunyonya mpaka ufanye kazi. Sasa tunasubiri choo. Kisipokuja itabidi tumfungue tena, na safari hiyo siwezi kukuahidi kitu."

Basi tukasubiri choo. Mie niliyekuwa nikiwachapa watoto wa watu kwa kutaja neno hilo wakati wa kula, niliamka nalo na kulala nalo. Bibi wa kitanda cha pembeni alikuwa akiniuliza kila akirudi kutoka kunawa, "Tayari?" Nami namjibu, "Bado, dada." Nilisujudu kwenye kona ya wodi nikimwomba Mola, aliyeumba mbingu na ardhi, anipe choo cha mtoto mchanga, na niliona aibu, kisha nikaomba tena kwa sauti.

Binti yangu hakumgusa mtoto. Tangu Mkwaja hakumgusa. Aliambiwa akamue maziwa yahifadhiwe, akakamua, akampa muuguzi wa wodi chupa bila kutazama kitandani. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Watu walipomuuliza mwanao anaendeleaje, alisema, "Muulizeni mama." Mie nilijua anachofanya. Alikuwa akijizuia asimpende, ili mtoto akiondoka duniani asimchukulie kitu. Nilijua, na sikuthubutu kumwambia, kwa sababu mtu wa kumwambia angekuwa mamaake, na mamaake ndiye mie. Nikawa nabadilisha nepi kavu naweka nepi kavu nyingine, ili mikono iwe na kazi.

Ilikuwa siku moja baada ya adhuhuri, joto la Tanga limekaa wodini. Nilisikia harufu. Nikadhani ni mtoto wa pembeni. Nikafungua nepi.

Kilikuwa kijani na cheusi, kingi, mpaka mgongoni. Nilipiga kigelegele. Nakuambia nilipiga kigelegele kwenye wodi ya wagonjwa, na bibi wa kitanda cha pembeni akakipokea, na yule wa mlangoni, wakapokezana mpaka mlinzi akaja kuangalia. Daktari bingwa alikuja upesi, akainama, akatazama, akasema, "Vizuri sana, binti," akimwambia mtoto. Akanipa mkono. Nikaushika kwa mkono uliokuwa na choo, na hakuuvuta wake.

Nikachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu nianze kumsafisha. Nikasikia kiti kinasogezwa dirishani.

"Mama, sogea."

Nikageuka. Binti yangu alikuwa nyuma yangu. Macho yake yalikuwa kwa mtoto.

"Nipe hicho kitambaa. Mwanangu nitamsafisha mwenyewe."

Nikampa, nikasogea. Alimwinua miguu kwa vidole viwili kama anayeogopa kuvunja kitu, akamfuta mapajani, akamfuta mgongoni, akakipita kile kidonda pembeni kwa pembeni, na machozi yalikuwa yakimwagika juu ya mikono yake na juu ya mtoto. Akasema naye kwa sauti ndogo, maneno ambayo sikuyasikia na hayakuwa yangu. Nepi aliifunga kinyume, nyuma mbele, upande mmoja umelegea, na mie nilisimama pale nikaitazama, nikaiacha ilivyo.